Maji Yasirudi Mtoni

Valvu ya njia moja ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye bomba la pampu ili maji yaende mbele na yasirudi nyuma. Haina mota, haina waya, wala haina mkono wa kuifungulia. Ndani yake mna kibamba cha shaba, plastiki au mpira, na kikalio ambacho kibamba hicho hukilalia. Pampu ikisukuma maji, kibamba huinuka na maji hupita. Pampu ikizimwa, maji yaliyokwisha kupanda huanza kushuka kwa uzito wake, hukikuta kibamba kimerudi mahali pake, na hapo husimama. Valvu nyingine zina springi nyuma ya kibamba, nyingine zina bawaba, nyingine zina tufe tu la mpira. Ile inayofungwa mwisho kabisa wa bomba la kuvutia, chini ndani ya maji pamoja na chujio lake, mafundi huiita futivalvu.

La kuangaliwa mapema ni wakati ambapo valvu hii huhitajika zaidi. Pampu hufanya kazi ikiwa imewashwa, na kila aliye karibu huisikia. Valvu hubeba mzigo wake pampu ikiwa imezimwa: usiku, au stima ilipopotea, au mwenye shamba alipokwenda sokoni. Haionekani na haisikiki, hivyo haikumbukwi. Pampu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa madai kwamba zimechoka ni nzima. Kilichochoka ni kibamba cha mpira cha bei ndogo kilicholala ndani ya bomba. Huo ni ufukara wa uangalizi, na hasara yake ni kubwa, kwa sababu anayenunua pampu mpya na kuiunganisha na valvu ile ile mbovu hurudi pale pale alipokuwa.

Miji inayozunguka Mlima Kenya huifundisha habari hii vizuri kuliko miji ya tambarare. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki umepanda zaidi, karibu na mita 1,950. Nyeri yenyewe ina bahati: maji yake hutoka mto Chania unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua, husafishwa Kamakwa, kisha kwa sehemu kubwa huteremka yenyewe hadi mjini. Haja ya pampu huonekana vizuri katika mitaa iitwayo Majengo, jina linalopatikana katika miji mingi ya Kenya. Nyeri ina Majengo yake, Nanyuki ina yake na Meru ina yake. Mtaani Majengo ya Nyeri, pampu huanza kazi pale ambapo nguvu ya mteremko imekwisha: kwenye ploti ya ghorofa tatu ambayo presha ya bomba haifiki juu, kwenye tangi la maji ya udhu, kwenye shule iliyojenga tangi la akiba ardhini. Majengo ya Nanyuki iko upande mkavu wa mlima, unaoelekea Laikipia. Mito ya huko hugombaniwa kila kiangazi, na wengi wenye uwezo hutegemea visima virefu. Nje ya miji, makazi yako juu ya migongo ya vilima na mito iko chini mabondeni. Maji hayana budi kupandishwa.

Upandishaji huo wa mteremko mkali hubadilisha tabia ya valvu, na hesabu yake ni rahisi. Chukua pampu iliyowekwa kando ya mto, inayosukuma maji mita 40 juu hadi kwenye tangi la shamba, kwa bomba la mita 300 lenye upana wa ndani wa milimita 40. Bomba hilo likijaa huchukua lita 377 hivi, yaani karibu kilo 380 zinazongoja kuteremka. Maji yakiwa yanapanda kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, kisha stima ikakatika, husimama baada ya sekunde moja na kitu, halafu hugeuka. Sasa chukua kimo kile kile cha mita 40, lakini bomba lilazwe kilomita 5 kwenye nchi tambarare kama ile ya pwani. Maji yatachukua karibu sekunde 20 kabla ya kusimama. Msuguano na mzunguko wa mwisho wa pampu hubadilisha kidogo tarakimu hizi, ila tofauti kati ya sekunde moja na sekunde ishirini haifutiki. Huko tambarare, kibamba chenye bawaba hupata muda wa kushuka taratibu pamoja na mwendo wa maji unaopungua. Huku milimani, kibamba kile kile huwa bado kiko hewani maji yanapogeuka. Maji yanayorudi hukibeba na kukigongesha kwenye kikalio.

Hapo ndipo kishindo huzaliwa, ule mpigo mmoja mzito unaotikisa ukuta kila pampu inapozimwa. Mrusi Nikolai Zhukovsky alikichunguza kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897, na kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo: mwendo wa maji ukikatizwa ghafla, presha hupanda kulingana na mwendo uliokatizwa na kasi ambayo wimbi la presha husafiri ndani ya bomba. Kwa bomba la chuma, kila mita 1 kwa sekunde inayokatizwa huzaa presha ya ghafla inayolingana na safu ya maji ya mita 100 hadi 120 hivi. Kwa bomba la plastiki, ambalo hutanuka kidogo na kulimeza wimbi, presha hiyo ni kama mita 30 hadi 50. Kwa hiyo maji yanayorudi kwa mwendo mdogo tu wa nusu mita kwa sekunde, yakizuiwa ghafla ndani ya bomba la chuma, huongeza presha ya mita 50 au 60 juu ya ile iliyokuwepo. Kiungio kilichofungwa kwa haraka hakistahimili pigo hilo kila siku kwa mwaka mzima.

Tiba ya kishindo hicho ni kufupisha safari ya kibamba. Valvu yenye springi hufunga mwendo wa maji ukikaribia sifuri, kabla hayajageuka, kwa hiyo hakuna cha kukatizwa. Kwenye bomba fupi la mteremko mkali hiyo ndiyo ya kuchagua, hata kama hupunguza mtiririko kidogo. Valvu ya bawaba hufaa zaidi pale ambapo maji hugeuka polepole, au pale ambapo yana takataka ambazo springi ingezinasa. Kutoboa kibamba ili maji yapenye kidogo kidogo na kelele ipungue si tiba. Kelele hupungua kweli, lakini bomba hujimwaga mtoni usiku kucha, na pampu hubaki ikizungushwa kinyume.

Kishindo hicho hicho, kikipewa kazi, hupandisha maji. Mwaka 1796 Joseph Montgolfier, yule Mfaransa aliyerusha puto la hewa ya moto pamoja na ndugu yake mwaka 1783, alitengeneza mashine inayojulikana kama haidramu, na wakulima wa nyanda za juu zenye vijito vya mteremko huitumia mpaka sasa. Maji ya mto huteremka kwa kasi ndani ya bomba la chuma na kutokea kwenye valvu moja iliyo wazi. Kasi ikitosha, valvu hiyo hujifunga kwa ghafla. Presha hupanda, husukuma wazi valvu ya pili ya njia moja, na maji kidogo hupenya kuelekea tangini kabla presha haijashuka. Kisha mzunguko huanza upya. Hakuna stima, hakuna mafuta. Mto ukiwa na mwanguko wa mita 3 na tangi likiwa mita 30 juu, mashine nzuri hupandisha kama lita 6 katika kila lita 100 zinazoingia. Zilizobaki hurudi mtoni. Inaonekana kidogo, lakini hufanya kazi usiku na mchana. Kwa mipigo 50 kwa dakika, kila valvu hufunga mara 72,000 kwa siku. Hakuna kifaa kingine cha shambani kinachodai mpira mzuri na kikalio safi namna hiyo. Haidramu iliyonyamaza mara nyingi haijavunjika: jani limekwama chini ya kibamba, au mpira umelika upande mmoja, au hewa imekwisha ndani ya chupa yake ya presha.

Anayetafuta kosa katika mfumo wa pampu hufanya vema kuanza na maswali yasiyohitaji spana. Je, shida hutokea pampu ikiwa inafanya kazi, au inapozimwa, au inapowashwa tena asubuhi? Jibu la swali hilo humaliza nusu ya kazi. Shida ya asubuhi huelekeza kwenye upande wa kuvuta. Shida ya kuzima huelekeza kwenye valvu ya upande wa kusukuma. Shida ya wakati pampu inafanya kazi huelekeza kwenye kitu kilichoziba, au valvu isiyolingana na pampu.

Pampu ya juu ya ardhi inayohitaji kujazwa maji kila asubuhi kabla haijavuta ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote. Usiku bomba la kuvutia limejimwaga, na hewa imechukua nafasi. Sababu ni mbili tu: futivalvu haifungi, au kiungio fulani juu ya maji kinaingiza hewa. Watu hubahatisha, hubadilisha futivalvu, kisha hukuta shida iko pale pale. Kuna njia ya kutenganisha sababu hizo bila kununua chochote. Bomba la kuvutia hujazwa maji hadi juu kupitia tundu la kujazia, tundu huachwa wazi, na maji hutazamwa kwa dakika kadhaa. Kiwango kikishuka na viungio vyote vikiwa vikavu, maji yanapita chini: futivalvu ndiyo mbovu. Kiungio kikitoa jasho au matone, hapo ndipo hewa huingilia pampu inapovuta, kwa sababu tundu linalotoa maji yakisukuma kutoka ndani ndilo linaloingiza hewa mvuto unapoanza. Tundu la namna hiyo halionekani wakati pampu inafanya kazi. Halitoi tone, hunyonya tu.

Mwinuko wa nchi nao una neno hapa. Pampu haivuti maji kwa maana halisi. Hupunguza presha ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Mombasa, uzito huo unaweza kuinua safu ya maji ya mita 10.3. Nyeri, hewa ni nyepesi na safu hiyo ni mita 8.4 hivi, Nanyuki ni mita 8.2. Toa msuguano wa bomba, kichujio na uzito wa futivalvu yenyewe, na kinachobaki kwa matumizi ya kila siku Nyeri ni mita 5 na nusu au 6 kutoka usawa wa maji hadi pampu. Maelekezo yaliyochapwa kwenye boksi la pampu kwa kawaida hutaja mita 7 au 8, tarakimu za usawa wa bahari. Fundi wa Nyeri anayeziamini atafunga pampu juu mno, kisha ataisingizia futivalvu isiyo na hatia. Kabla ya kulaumu valvu, kimo cha kuvuta kipimwe kwa kamba, na kipimwe wakati wa kiangazi ambapo maji yameshuka.

Futivalvu yenyewe huharibiwa na yale yanayobebwa na maji. Udongo mwekundu wa Nyeri ni mwepesi kusombwa, na mvua ndefu zikianza mwezi Machi mito hubadilika rangi. Tope laini halidhuru sana likiwa linapita. Hudhuru linapotulia juu ya kikalio wakati kibamba kinashuka. Punje moja ya mchanga inatosha kuacha mwanya, na maji yanayopenya kwenye mwanya huo kwa presha ya mita 40 hukwangua shaba mpaka mwanya ukawa mfereji. Ndiyo sababu valvu inayovuja kidogo haibaki ikivuja kidogo. Futivalvu iwekwe nusu mita hivi juu ya tope la chini, izame vya kutosha isivute hewa kwa kimbunga cha juu ya maji, na ifungwe kamba ya nailoni ya kuivutia nje. Kamba hiyo ni rahisi kuliko vyote vilivyotajwa, na ndiyo inayosahaulika.

Katika ploti zenye pampu ya presha, ile inayojiwasha bomba linapofunguliwa, dalili ni nyingine. Usiku, hakuna aliyefungua maji, pampu huwaka kwa sekunde chache, huzima, na baada ya dakika kumi huwaka tena. Kila mpangaji huisikia na kila mmoja hudhani jirani yake anafua usiku. Maji yanapotea mahali: ama yanarudi nyuma kupitia valvu ya njia moja hadi kwenye tangi la chini, ama yanavuja ndani ya nyumba. Getivalvu, yaani valvu ya kufungwa kwa mkono, iliyo baada ya tangi la presha ikifungwa, nyumba nzima hutengwa. Pampu ikiendelea kujiwasha, valvu inarudisha maji. Ikinyamaza, kitafutwe choo kinachotiririka au bomba lililopasuka ukutani. Tofauti nyingine ya kukumbuka: pampu inayowaka na kuzima haraka haraka wakati bomba limefunguliwa, na kutulia likifungwa, haina shida ya valvu. Tangi lake la presha limepoteza hewa. Dalili hizi mbili zikichanganywa, pesa hupotea.

Sikio husaidia zaidi ya inavyodhaniwa. Ncha ya bisibisi ndefu ikiwekwa kwenye mwili wa valvu na mpini wake ukigusa mfupa wa nyuma ya sikio, mnong'ono wa maji yanayopenya husikika wazi wakati pampu imezimwa. Pampu ikiwa inafanya kazi na valvu inagongagonga kama meno yenye baridi, kibamba hakijainuka kikamilifu. Sababu yake kwa kawaida ni valvu kubwa kupita mtiririko. Kuna imani kwamba valvu ya inchi mbili ni bora kuliko ya inchi moja na nusu kwa kuwa ni kubwa. Si kweli. Kibamba kinachohitaji maji mengi kukiinua, kikipewa maji machache, huelea na kutetemeka hadi pini ya bawaba ikatike, na kipande chake kikasafiri hadi mahali pabaya zaidi. Kona ya bomba iliyo karibu mno na mdomo wa pampu huleta mtetemo uo huo; bomba lililonyooka lenye urefu wa mara tano ya upana wake, kati ya pampu au kona na valvu, huyatuliza maji.

Visima virefu vina taabu yake, nayo ni nzito. Pampu inayozamishwa kisimani huja na valvu yake juu ya mwili wake, na mafundi huongeza nyingine kwenye bomba la kupandia. Ile ya nyongeza haipaswi kuwekwa mita nyingi juu ya usawa wa maji kisimani. Ikiwekwa juu mno na ya chini ikavuja, maji yaliyo kati ya hizo mbili hushuka na kuacha utupu. Pampu ikiwashwa, maji hupanda kwenye utupu huo bila kipingamizi na kuigonga valvu ya juu kwa kishindo ambacho hupasua viungio mita 100 chini ya ardhi. Kuvuta pampu kutoka kina hicho ni kazi ya winchi na watu kadhaa, na gharama yake hupita bei ya valvu mara nyingi mno.

Stima huongeza hatari. Ikikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kama inavyotokea mara kwa mara wakati wa mvua, pampu yenye valvu mbovu huwa bado inazungushwa kinyume na maji yanayoteremka. Mota hulazimishwa kugeuka mbele kwa ghafla, na shafti husokotwa. Nyingine hukatika, na waya za mota nyingine huungua. Kifaa cha kuchelewesha kuwaka, kinachongoja dakika moja au mbili baada ya stima kurudi, huilinda mota. Lakini kifaa hicho hulinda dhidi ya matokeo tu. Pampu isiyozunguka kinyume haikihitaji sana.

Matengenezo yenyewe hayana siri. Valvu hufunguliwa, kikalio hufutwa kwa kitambaa laini, na kidole hupitishwa kukizunguka kutafuta mfereji. Msasa usiguse kikalio cha shaba: hukifanya kionekane kipya na kuacha mistari ambayo maji hupita. Mpira uliokakamaa, ulioacha alama ya duara isiyo kamili, au uliovimba, hubadilishwa hata kama bado haujavuja. Springi iliyolegea hubadilishwa, hainyooshwi. Mshale ulio kwenye mwili wa valvu huangaliwa kabla ya kufunga tena, kwa maana valvu iliyogeuzwa huizuia pampu nzima, na pampu ndiyo hulaumiwa. Valvu ya bawaba hukubali bomba lililolala, au lililosimama maji yakipanda. Kwenye bomba ambalo maji hushuka haifai, kwa kuwa uzito wa kibamba hukiacha wazi. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu na baada yake, inatosha kwa maji ya mto. Maji ya kisima yenye chuma huacha utando wa kahawia kwenye vikalio, na huo huhitaji kuondolewa kwa brashi ngumu ya plastiki.

Kinachozuia matengenezo hayo si ukosefu wa ujuzi, ni mkono kutofika. Valvu imefunikwa na saruji, au imefungwa bila yuniani, yaani viungio vinavyofunguliwa kwa spana, hivyo lazima bomba likatwe ili itoke. Au haina getivalvu mbele yake, hivyo kuifungua ni kumwaga tangi zima la paa. Aliyejenga alifikiria siku ya kukabidhi kazi, hakufikiria mwaka wa tatu.

Afrika Mashariki ina mfano bora wa fikra tofauti. Miaka ya 1980, kule Kwale kwenye pwani ya kusini ya Kenya, pampu za mkono za visima zilijaribiwa katika mradi uliowaweka wanavijiji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kuwa ndio watunzaji. Pampu ya Afridev iliyotokana na majaribio ya aina hiyo ilichorwa ikianzia kwenye valvu. Futivalvu yake iko chini kabisa, hadi mita 45, lakini huvuliwa kupitia ndani ya bomba lenyewe bila bomba kung'olewa. Spana moja hutosha kwa kazi zote za kawaida. Kipande cha mpira kinachofunga kwenye pistoni ndicho hicho hicho kinachofunga kwenye futivalvu, kwa hiyo kipuri kimoja cha akiba huokoa pande zote mbili. Shirika lililoanzishwa Kenya mwaka 1991 kwa jina la ApproTEC, ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilifuata njia inayofanana kwa wakulima wadogo: pampu ya kukanyaga ya Super MoneyMaker ya mwaka 1998 hutegemea vibamba na vikombe vya mpira ambavyo mwenyewe huvibadilisha shambani. Wahandisi hao waliona kwamba valvu lazima ichoke siku moja, wakaweka njia ya mkono kuifikia. Ploti ya Majengo yenye pampu ya stima ghali kuliko hizo zote mara nyingi haina njia hiyo.

Limebaki la afya, nalo ni zito kuliko hasara ya mota. Kwenye mji ulio mteremkoni, kampuni ya maji ikifunga bomba kuu ili kulitengeneza, maji yaliyomo huendelea kuteremka kuelekea nyumba za chini. Nyumba za juu hubaki na mvuto ndani ya mabomba yao. Mpira wa bomba uliozama kwenye pipa la kufulia, au kwenye karai la maji ya kuoshea nyama, hunyonywa pamoja na uchafu wake, na huduma ikirejea uchafu huo huwafikia majirani. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huleta mvuto huo huo kila inapowashwa, hata siku ambazo hakuna kilichofungwa; ndiyo maana pampu inapaswa kuvuta kutoka tangi la chini, si kutoka kwenye mita ya maji. Valvu ya njia moja kwenye mita hupunguza hatari hiyo, ila haiiondoi, kwa kuwa nayo huchoka kama nyingine zote. Kinga kamili ni hewa kati ya mdomo wa bomba na maji ya chombo.

Kwa hiyo mwenye ploti anayefunga mita mpya aombe valvu ya njia moja pamoja nayo, yenye yuniani pande zote mbili na getivalvu ya kuitenga, ndani ya kisanduku chenye kifuniko, si chini ya saruji. Mpangaji naye aunyanyue mpira wa bomba juu ya ukingo wa pipa kabla ya kufungua maji, na asiuache humo akilala.